Hodi ya watu wanne

Kwetu, toka Rubaya mpaka Ndjingala, mtu akipiga hodi usiku hakuna anayekimbilia kufungua. Papa anazima tochi, mama anafunika mtoto kinywa. Ndiyo maana filme "Knock at the Cabin" ya Mmarekani M. Night Shyamalan, ya mwaka 2023, inatushika shingo tangu mwanzo.

Eric na Andrew, wanaume wawili waliooana, wako konje katika nyumba ya mbao ndani ya pori, pamoja na Wen, mtoto waliyemlea. Watu wanne wanafika na silaha za kujitengenezea. Mkubwa wao, Leonard, ni Dave Bautista, yule tuliyemjua kwanza kwa mieleka: mwili unajaza mlango, sauti ni ya mwalimu wa watoto wadogo. Anasema polepole: chagueni mmoja wenu, mumuue nyinyi wenyewe, ao dunia inaisha. Bahari itapanda, ugonjwa utakuja, kisha mbingu itaanguka.

Andrew ni avoka, hataki kusikia. Sisi pia tuko upande wake. Watu wenye silaha wanaosema "ni kwa faida ya wote", hiyo lugha tunaijua sana.

Lakini tukumbuke Mei 2021. Tarehe 22, Nyiragongo ililipuka bila onyo. Tarehe 27, asubuhi mapema, gavana wa kijeshi akaamuru kartie 10 za Goma zitoke: eti magma iko chini ya mji na chini ya ziwa, inaweza kutokea wakati wowote. Watu wakabeba magodoro na watoto, wengi wakaja huku Sake, wakalala barabarani, ndani ya makanisa na mashule. Wengine wakabaki nyumbani: "Banatudanganya, banataka kutuibia." Mlipuko wa pili haukuja. Asubuhi ile, nani angeweza kujua? Hatari huioni kwa macho, na kuamua ni lazima, mtoto akiwa mgongoni.

Saa ya kwanza ya filme iko hapo kabisa, na ni kali. Kisha Shyamalan anashindwa kuvumilia. Anawasha televizyo, na habari zinaanza kumuhakikishia Leonard maneno yake moja moja, mpaka shaka inakauka. Anatukatisha pia na hadithi za zamani za Eric na Andrew, wakati tunataka kubaki mlangoni. Kitabu cha Paul Tremblay, cha 2018, ambamo filme ilitoka, ni kigumu zaidi: Wen mwenyewe anakufa, na msomaji anabaki hajui kama wale wanne walikuwa manabii ao wagonjwa wa akili. Filme iliogopa hiyo njia.

Hata hivyo, Bautista peke yake anatosha kukuweka kwenye kiti dakika 100. Watoto walale kwanza.