Programu yako inajikokota? Uliza prosesa kabla ya kununua RAM

Umeandika programu, umeijaribu, inafanya kazi. Shida ni kwamba inajikokota. Feni ya laptopu inanguruma kama matatu kuukuu ikipanda mlima, na fundi wa Luthuli Avenue tayari amekupigia hesabu ya RAM mpya. Ngoja kwanza, usitoe hizo pesa. Ndani ya prosesa yako kuna ushahidi wa kinachoendelea, na umekuwa humo tangu siku uliponunua mashine.

Prosesa karibu zote za kisasa zina vihesabio vidogo vilivyojengwa ndani yake. Kazi yao ni kuhesabu matukio tu. Amri ngapi zimetekelezwa? Ni mara ngapi prosesa imekisia njia ambayo programu itafuata, ikakosea? Ni mara ngapi imetafuta data kwenye kache iliyo karibu, ikaikosa, ikalazimika kuifuata mbali kwenye RAM?

Hilo la mwisho ndilo huua kasi ya programu nyingi. Chukua jedwali kubwa la nambari katika lugha ya C. Ukilisoma mlalo, prosesa ikifuata nambari moja inaibeba pamoja na majirani zake, kwa kawaida baiti 64 kwa mkupuo, yaani nambari 16 za baiti nne nne. Ukilisoma wima, unatumia moja na kuziacha 15. Si ni kama kumtuma mtoto sokoni mara kumi na sita, kila safari alete nyanya moja? Na safari yenyewe si fupi: kwenda RAM huweza kumeza zaidi ya mizunguko 100 ya prosesa, ilhali data iliyo kwenye kache ya karibu kabisa huchukua minne au mitano hivi. Hapo hata ujaze RAM ya gigabaiti 32, hali ni ileile. Dawa ni kubadilisha mpangilio wa mistari miwili ya msimbo wako.

Sasa mbona hujawahi kuviona vihesabio hivi? Kwa sababu programu ya kawaida haina ruhusa ya kuvipanga. Hiyo ni kazi ya kerneli, kiini cha mfumo endeshi kinachokaa kati ya programu zako na mashine. Tena zamani hata maelezo yake yalifichwa. Intel iliviweka kwenye Pentium ya 1993, lakini ikawaeleza wale tu waliotia saini mkataba wa kutunza siri. Mwaka 1994, Terje Mathisen wa Norway alichapisha katika jarida la Byte jinsi ya kuvitumia, baada ya kujichunguzia mwenyewe. Huyo jamaa namvulia kofia.

Kwenye Linux, mvutano ulikuwa kuhusu jinsi ya kuufungua mlango. Stéphane Eranian alikuwa ameijenga perfmon kwa miaka. Mwishoni mwa 2008, Thomas Gleixner na Ingo Molnar wakaleta wazo tofauti: kerneli yenyewe ibebe mzigo, mtumiaji aombe tu anachotaka. Wazo lao likaingia katika Linux 2.6.31, Septemba 2009. Siku hizi mlango huo unaitwa perf_event_open. Programu yako inaomba kihesabio, kisha inakisoma kama inavyosoma faili lolote. Vihesabio vyenyewe ni vichache, kwa hivyo ukiomba vingi kupita vilivyopo, kerneli huvitumia kwa zamu na kukadiria. Ukiona asilimia imeandikwa kando ya jibu, jua hayo ni makadirio.

Lakini mlango ukifunguliwa, hata mwizi huuona. Mwaka 2013 iligunduliwa kwamba sehemu hiyohiyo ya kerneli ilikuwa ikisoma vibaya nambari iliyopewa na mtumiaji, na mtu mwenye akaunti ya kawaida angeweza kujifanya bosi wa mashine nzima. Kisha 2020, shambulio lililopewa jina Platypus lilionyesha kuwa kipimo cha umeme unaotumiwa na prosesa za Intel, ambacho Linux ilimwachia kila mtu akisome, kingeweza kufichua funguo za siri. Kikafungwa.

Ndiyo maana kuna faili liitwalo perf_event_paranoid. Likiwa na 2, ambayo ndiyo kawaida ya kerneli ya Linux tangu 2016, unaweza kupima programu zako mwenyewe bila kuchungulia kerneli. Kwangu hapo ni sawa. Kuna mifumo inayofunga kila kitu, nayo Android ni mojawapo, mpaka msanidi aunganishe simu kwa adb na kuifungua. Ukibana sana hivyo kwenye laptopu, vijana wataendesha kila kitu kwa akaunti ya mkuu, na hiyo ni hatari kubwa zaidi. Linux 5.8 ya 2020 ilipunguza kishawishi hicho kwa kuleta CAP_PERFMON, ruhusa ya kupima tu, bila mamlaka mengine.

Ukitaka kujaribu leo, sakinisha perf kisha andika:

perf stat -e instructions,cache-misses ./programu

Geuza mpangilio wa kusoma jedwali, endesha tena, ulinganishe. Fanya hivyo kwenye laptopu yako, si kwenye seva ya kukodi: wenye seva wengi huvificha vihesabio hivi, na utaishia kuambiwa kipimo hakipo.