Shirika Letu la Ndege na Njia Zake



Ukifika Ipogolo, chini ya mlima wa mji wa Iringa, utaona magari mengi. Mabasi yanayotoka Dar es Salaam kwenda Mbeya hupita hapo. Mabasi yanayotoka Mbeya na Songea kwenda Dar es Salaam hupita hapo pia. Abiria wa mjini Iringa hushuka, akatafuta gari dogo, akapanda mlima. Abiria wa kijijini hutafuta gari la upande wa kwao. Magari madogo hulisha mabasi makubwa, na mabasi makubwa hulisha magari madogo. Moja likikosekana, jingine hupungukiwa na abiria.

Shirika la ndege nalo hufanya kazi namna hiyo hiyo. Katika somo hili tutaona jinsi shirika la ndege la Tanzania lilivyoanza, lilivyodhoofika na lilivyofufuliwa. Tutaona pia kwa nini jambo hili linakuhusu wewe, hata kama hujapanda ndege.

Shirika la pamoja

Mwaka 1946 lilianzishwa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki. Lilikuwa mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Lilianza na ndege sita ndogo. Baadaye lilipata ndege kubwa za kwenda Ulaya na Asia.

Makao makuu ya shirika hilo yalikuwa Nairobi. Karakana kubwa ya kutengeneza ndege ilikuwa huko huko. Nchi wenza zilipogombana juu ya fedha na madeni, shirika likaanza kuyumba. Mwanzoni mwa mwaka 1977 lilisimama. Mwezi wa Februari mwaka huo mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa. Mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika.

Fikiri hali ilivyokuwa. Tanzania ni nchi kubwa. Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa kwa barabara ni karibu kilomita 500. Hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Mwanza, Bukoba na Kigoma ni mbali zaidi. Nchi ilibaki bila shirika la ndege, na karakana kubwa ilikuwa ng'ambo ya mpaka.

Kuzaliwa kwa ATC

Tarehe 11 Machi 1977 liliundwa Shirika la Ndege Tanzania, yaani ATC. Alama yake ilikuwa twiga. Kituo chake kikuu kilikuwa Dar es Salaam.

Shirika lilikuwa na ndege za aina mbalimbali, kwa sababu njia zake hazikufanana. Ndege ndogo aina ya Twin Otter ilibeba watu wasiofika 20. Iliweza kutua kwenye kiwanja kifupi kisicho na lami. Ndege aina ya Fokker ilibeba watu zaidi ya 40. Ndege mbili aina ya Boeing 737 zilibeba watu wengi zaidi, lakini zilitaka viwanja virefu na imara.

Kwa nini njia hufa

Kurusha ndege kunagharimu fedha nyingi. Kuna mafuta, mishahara, ada za viwanja, vipuri na matengenezo. Ndege yenye viti 76 ikiruka na watu 70, gharama ni ile ile karibu sawa na ikiruka na watu 20. Mwenye basi analijua jambo hili. Basi likiondoka tupu, mafuta hayapungui bei.

Ndege iliyolala uwanjani nayo inakula fedha. Wafanyakazi wanataka mishahara. Mwenye ndege ya kukodi anataka kodi yake. Kwa hiyo shirika lenye ndege chache liko katika hatari. Ndege moja ikiharibika, safari huahirishwa. Safari zikiahirishwa mara kwa mara, abiria huenda kwingine. Abiria wakienda kwingine, fedha za kutengeneza ndege hukosekana.

Mambo kama hayo yalilipata shirika letu. Madeni yaliongezeka na ndege zilipungua. Mwaka 2002 serikali iliuza hisa 49 katika kila 100 kwa Shirika la Ndege la Afrika Kusini. Ilitumainiwa kwamba mbia huyo ataleta ndege na utaalamu. Hasara iliendelea, na mwaka 2006 ubia huo ulikwisha.

Desemba 2008 shirika lilizuiwa kuruka kwa sababu halikutimiza masharti ya usafiri wa anga. Lilirudi angani Januari 2009. Aprili 2012 ndege yake moja ilipata ajali Kigoma ilipokuwa ikianza kuruka. Kwa bahati njema hakuna aliyekufa. Kufikia mwanzo wa mwaka 2016 shirika lilibaki na ndege yake moja tu, nayo ni ndogo. Wakati huo jina lake lilikuwa ATCL, kama lilivyo leo.

Kufufuliwa

Septemba 2016 zilifika ndege mbili mpya aina ya Dash 8 Q400. Kila moja ina viti 76. Ndege hii haitumii mafuta mengi, na inafaa kwa safari fupi za ndani ya nchi. Julai 2018 ilifika ndege kubwa aina ya Boeing 787, yenye viti 262. Desemba 2018 ilifika ndege aina ya Airbus A220, yenye viti 132. Baadaye zilifuata nyingine. Juni 2023 ilifika ndege ya mizigo inayoweza kubeba tani 54.

Tazama sasa jinsi njia zilivyotandazwa. Kwanza zilijengwa njia za ndani ya nchi. Kisha zikaja njia za nchi jirani, kama Uganda, Burundi, Zambia na Zimbabwe. Mwaka 2019 ndege zilikwenda Johannesburg na Mumbai. Safari ya Guangzhou, nchini China, ilipangwa kuanza mwaka 2020, lakini ugonjwa wa korona uliichelewesha hadi mwaka 2021. Mwaka 2024 ilianza safari ya Dubai.

Hapa kumbuka Ipogolo. Mfanyabiashara wa Mbeya anayekwenda China hupanda ndege ya kati mpaka Dar es Salaam. Hapo hukutana na wenzake wa Mwanza, Dodoma na Zambia. Wote huijaza ndege kubwa. Njia ya Mbeya inailisha njia ya China. Ukiikata njia ndogo kwa sababu faida yake ni ndogo, huenda ukaipunguzia abiria njia kubwa.

Viwanja vya nyanda za juu

Ndege haiwezi kwenda mahali pasipo na kiwanja kinachofaa. Huku kwetu nyanda za juu kuna jambo moja zaidi. Kiwanja cha Nduli, Iringa, na kiwanja cha Songwe, Mbeya, viko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Mahali palipoinuka hewa ni nyepesi. Mabawa hupata nguvu ndogo ya kuinua ndege, na injini nazo hupungukiwa na nguvu. Kwa hiyo ndege hukimbia mwendo mrefu zaidi kabla ya kuruka. Kiwanja kinachotosha pwani huenda kisitoshe Iringa.

Mbeya ilikuwa na kiwanja cha zamani ndani ya mji. Kilikuwa kidogo, na ndege kubwa hazikuweza kukitumia. Kiwanja cha Songwe kilianza kazi Desemba 2012. Lakini kwa miaka kadhaa hakikuwa na taa za kuongozea ndege usiku. Siku za ukungu ndege zilishindwa kutua, zikarudi Dar es Salaam na abiria wake. Taa zilifungwa baadaye. Nduli nako, katika miaka ya 2020, ilifanyika kazi ya kurefusha na kupanua njia ya kurukia.

Je, jambo hili linakuhusu?

Huenda utasema, "Mimi ni mkulima. Ndege ni ya wakubwa." Lakini ndege hizo zimenunuliwa kwa fedha za serikali. Fedha za serikali hutokana na kodi. Unaponunua sukari, sabuni au mafuta ya taa, unalipa kodi ndani ya bei.

Kuna faida ya kuwa na shirika. Mgonjwa anayetaka matibabu ya haraka hufika Dar es Salaam kwa saa chache. Watalii wa Hifadhi ya Ruaha huacha fedha Iringa. Maua, samaki wabichi na mboga haviwezi kungoja meli. Kwa miaka mingi mazao mengi ya Tanzania ya namna hiyo yalipelekwa Nairobi kwa lori ili yapande ndege kule.

Kuna hasara pia. Mwaka 2022 baadhi ya ndege za Airbus zililala chini kwa sababu injini zake zilikuwa na kasoro, na injini za kubadilisha hazikupatikana. Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali alieleza kwamba katika mwaka wa fedha 2022/23 shirika lilipata hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 56. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ulilizuia shirika kuruka katika anga la Ulaya kwa sababu za usalama. Mwaka 2025 zuio hilo lilienezwa kwa mashirika yote ya ndege yenye vibali vya Tanzania.

Wako wanaosema hasara hiyo ni gharama ya kuunganisha nchi, kama barabara. Wako wanaosema fedha hizo zingejenga zahanati na visima. Pande zote mbili zina hoja. Lakini hakuna anayeweza kuamua vema bila kujua hesabu. Taarifa ya Mdhibiti hutolewa hadharani kila mwaka, na imeandikwa pia kwa Kiswahili. Wewe sasa unajua kusoma. Itafute, isome na wenzako, kisha umwulize mbunge wako.

Maneno ya kukumbuka

Hisa: sehemu ya mali katika shirika.
Mbia: mtu au shirika mnayemiliki naye mali pamoja.
Karakana: mahali pa kutengenezea mitambo.
Vipuri: vifaa vya kubadilisha vilivyoharibika.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini Tanzania iliunda shirika lake la ndege mwaka 1977?
2. Ndege ikilala uwanjani, nani anapata hasara? Eleza.
3. Kwa nini viwanja vya Nduli na Songwe vinataka njia ndefu za kurukia?
4. Je, njia ya ndege yenye abiria wachache ifungwe au iachwe? Toeni sababu za pande zote mbili.
5. Taja zao moja la kijijini kwako. Je, lafaa kusafirishwa kwa lori, meli au ndege? Kwa nini?