Mwambie Daktari Ulichokimeza

Kwenye River Road, katikati ya Nairobi, maduka ya dawa yamebanana na ofisi za mabasi ya safari ndefu, na zahanati nyingi ziko ghorofani. Mtu mwenye homa huingia dukani, humwita muuzaji "daktari" hata kama si daktari, kisha huondoka na vidonge vichache vya amoksilini vilivyokatwa kwa makasi kutoka kwenye pakiti. Akizidiwa, hukimbilia hospitali. Huko huulizwa kama ametumia dawa yoyote, na wengi hujibu kuwa hawajatumia.

Jibu hilo laweza kumponza. Daktari asiyejua mgonjwa amemeza nini anaweza kumwandikia dawa ileile iliyoshindwa, au nyingine isiyopatana nayo. Ila tusimlaumu mgonjwa peke yake. Mara nyingi huficha kwa kuogopa kukaripiwa, na daktari mkali hujinyima mwenyewe habari anayoihitaji ili atibu.

Sheria ya Afya ya 2017 inazigusa pande zote mbili. Mhudumu anatakiwa kumweleza mgonjwa hali yake, tiba zilizopo, hatari na gharama zake, tena kwa lugha anayoielewa. Mgonjwa naye anatakiwa kusema kweli kuhusu afya yake na kumheshimu anayemtibu. Mhudumu akitukanwa au kushambuliwa, ana haki ya kukataa kumtibu mtu huyo, isipokuwa katika dharura ambapo hakuna mwingine wa kumsaidia.

Mfumo wa afya unapoyumba pia, mgonjwa na daktari huumia pamoja. Sheria hiyo ilianza kutumika miezi michache baada ya mgomo wa madaktari wa hospitali za umma uliomalizika Machi 2017. Kwa siku 100 wagonjwa maskini waliteseka, huku madaktari wakidai mkataba wao wa kazi uliotiwa saini 2013 utekelezwe.

Kisha ikaja korona. Desemba 2020, daktari wa miaka 28 aliyekuwa akihudumia wagonjwa wa korona Machakos aliuawa na ugonjwa huohuo. Alikuwa hajalipwa mshahara kwa miezi kadhaa, wala hakuwa na bima ya afya. Ilikuwa aibu kwa taifa zima, na wagonjwa walikuwa na kila sababu ya kupaza sauti pamoja na madaktari.

Basi, ukienda hospitali, beba pakiti ya kila dawa uliyotumia na umwonyeshe daktari bila woga. Naye akikuandikia dawa pasipo maelezo, muulize kwa heshima ni ya nini. Sheria inakupa haki hiyo.