Fahamu: Flashi ya TB 2 kwa bei ya chee

Mkazi wa Ruziba, kusini mwa Bujumbura, anayepeleka kazi zake kuchapishwa anahitaji flashi ya kuaminika. Jihadhari na iliyoandikwa TB 2 huku ikiuzwa kwa bei ya chee. Mara nyingi imechezewa: kompyuta inasoma TB 2, kumbe chipu iliyomo ni ya GB 32 au chini ya hapo. Ikishajaa, mafaili mapya huweza kufuta ya zamani kimyakimya. Majina unayaona, lakini mafaili hayafunguki. Kabla ya kuitumia, ijaribu kwa H2testw au F3, programu za bure zinazoijaza data kisha kuisoma upya. Hata flashi halisi hufa ghafla. Diploma na picha za familia, tafadhali, ziwekee nakala kwingine.