Mzio si Upungufu wa Kinga

Mtu akivimba midomo baada ya kula kamba wa kukaanga, au akitokwa mabaka baada ya sindano ya penisilini, hakosi wa kumwambia kuwa kinga yake imeshuka na kumwelekeza kwenye vya kuipandisha. Ushauri huo unapingana na ushahidi wa zaidi ya karne. Mwaka 1902, Wafaransa Charles Richet na Paul Portier waliripoti jinsi walivyowadunga mbwa sumu ya anemoni wa baharini. Mbwa aliyestahimili dozi ya kwanza alidungwa tena wiki tatu hivi baadaye; safari hii alihema kwa shida, akatapika, akafa kabla nusu saa haijaisha. Sumu haikuongezwa makali. Kilichobadilika ni mwili, ambao ulikuwa umeshajifunza. Kujifunza huko ni kazi ya kinga ya kupatikana, si ile ya kuzaliwa nayo, na ndiko kunakoiwezesha chanjo ya surua kumlinda mtoto kwa miaka.

Atakayesema mbwa si binadamu atazame kipimo cha Mantoux cha kifua kikuu. Protini za bakteria huingizwa ndani ya ngozi ya kigasha, na uvimbe hupimwa kwa rula baada ya saa 48 hadi 72. Uvimbe huo ni mzio wa aina ya nne katika mpangilio wa Gell na Coombs wa 1963. Huletwa na seli T, ndiyo maana huchelewa. Ule wa kamba, wa aina ya kwanza, huletwa na kingamwili za IgE na huweza kuanza ndani ya dakika chache. Sasa, mwenye VVU ambaye CD4 zake zimeporomoka anaweza kuwa na kifua kikuu na ngozi yake isivimbe hata kidogo. Kinga imedhoofika, na mzio umetoweka nayo.

Pingamizi zito ni hili: wenye VVU haohao hupata vipele vya Septrin mara nyingi kuliko watu wengine. Lakini hoja hiyo inaiangusha dhana ya kinga inayopanda na kushuka yote kwa pamoja kama maji ya tangi. Kinga ina matawi mengi, na zipo seli ambazo kazi yake ni kuyazuia. Tawi moja likiumia, jingine laweza kukosa wa kulituliza. Kwa hiyo tiba huchagua pa kugusa. Adrenalini hurudisha presha na kufungua njia za hewa. Steroidi hutuliza pumu kwa kuipunguza kinga nguvu pale inapowaka. Mwenye mzio wa sumu ya nyuki naye, chini ya uangalizi wa daktari, huweza kudungwa sumu hiyohiyo kwa vipimo vidogo vinavyoongezwa polepole, mpaka mwili utengeneze kingamwili za IgG za kuidaka sumu kabla IgE haijaifikia.