Kabla ya kutazama mawingu, uliza saa ya maji

Idd el-Fitr huja na bamvua kila mwaka. Mwezi unapoandama, jua na mwezi vinaivuta bahari kwa pamoja, na siku moja au mbili baadaye maji hujaa sana na kupwa sana kuliko siku nyingine. Hizo ndizo siku ambazo familia nyingi za Dar es Salaam, baada ya swala na pilau, hupanda daladala na bajaji kwenda Coco Beach. Saa saba mchana watoto wanavua viatu. Jua linawaka, anga halina wingu, mchanga umetandaa hadi mbali, na kwa macho bahari inaonekana imetulia kabisa. Kumbe huo ndio muda inapoanza kupanda kwa kasi.

Wengi wetu, tukitaka kujua kama leo bahari ni nzuri, tunatazama juu. Kuna mawingu? Kutanyesha? Maswali hayo yana maana yake, lakini usalama wa mtu anayeoga Coco unategemea zaidi saa ya maji, upepo, na umbo la ufukwe wenyewe. Mambo haya matatu yanaweza kujulikana mapema, na hayahitaji shahada. Yanahitaji mtu ajue la kutazama.

Saa ya maji

Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili ndani ya saa 24 na dakika 50 hivi. Zile dakika 50 za ziada zinatokana na mwezi. Dunia inapomaliza mzunguko wake mmoja, mwezi nao umeshasogea katika njia yake, na dunia inabidi izunguke kidogo zaidi ili kuufikia. Ndiyo maana maji yaliyojaa leo saa kumi jioni, kesho yatajaa karibu saa kumi na dakika 50.

Kwa Dar es Salaam kuna kanuni rahisi ambayo wavuvi wa Msasani na Kunduchi hawahitaji kuiandika popote. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, maji hupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Usiku mambo hujirudia kwa saa hizohizo. Kila siku inayofuata, ongeza dakika 50. Baada ya wiki moja, mwezi unapokuwa nusu, mambo yamegeuka: maji yanajaa saa nne na kupwa saa kumi. Hivyo mtu akijua mwezi una siku ngapi, anaweza kukadiria saa ya maji bila simu, akikosea kwa saa moja tu au chini ya hapo.

Zaidi ya saa, kuna kimo. Wakati wa bamvua, maji kati ya kupwa na kujaa hupanda kwa zaidi ya mita 3. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hupanda kwa mita 1 hivi. Kwa hiyo sikukuu zetu hazilingani machoni pa bahari. Idd el-Fitr, tarehe 1 Mfunguo Mosi, ni ya bamvua. Idd el-Hajj, tarehe 10 Mfunguo Tatu, huangukia siku ambazo bahari ndiyo kwanza inatoka kwenye maji mafu. Pasaka hufuata mwezi mpevu, na mara nyingi hukutana na bamvua au mabaki yake.

Jambo linalowaponza watu wengi ni kwamba maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia wana hesabu ya zamani. Gawa kimo chote mara 12. Saa ya kwanza baada ya maji kupwa, huingia sehemu 1. Saa ya pili, sehemu 2. Saa ya tatu na ya nne, sehemu 3 kila moja. Saa ya tano, sehemu 2, na ya sita, sehemu 1.

Tuipeleke hesabu hiyo Coco siku ya Idd Mosi. Kwa kuwa mwezi uliandama jana yake, maji yanakupwa karibu saa tano asubuhi. Kimo kikiwa mita 3, kila sehemu ni sentimita 25. Kuanzia saa tano hadi saa sita maji yanapanda sentimita 25 tu, na hakuna anayeona. Hadi saa saba yameongezeka sentimita 50 nyingine. Kisha kati ya saa saba na saa tisa yanapanda mita 1 na nusu. Mtoto wa miaka kumi aliyesimama juu ya fungu la mchanga saa saba, maji yakiwa magotini, saa nane yatakuwa yamemfika kifuani. Saa tisa yamempita kichwa. Tena maji hayaji kutoka mbele peke yake: huingia kwanza kwenye mabonde yaliyo kati ya fungu na nchi kavu, kwa hiyo njia ya kurudi inazama kabla ya mahali aliposimama.

Upepo

Alfajiri Coco huwa na bahari laini. Usiku nchi kavu imepoa kuliko maji, na upepo mwepesi wa umande unatoka bara kwenda baharini. Wanaokimbia na kuogelea saa kumi na mbili asubuhi wanajua utulivu huo. Kuanzia saa nne au saa tano, jua limeshaupasha mji joto. Hewa ya juu ya ardhi inapanda, na hewa ya baharini inaingia kuchukua nafasi yake. Upepo huu wa bahari hukaza kati ya saa nane na saa kumi, halafu hulegea jua likielekea kuzama.

Sasa unganisha na saa ya maji. Siku za bamvua, upepo unafika kilele chake karibu na saa ambazo maji nayo yanafika kilele. Asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, wimbi huvunjika mbali, kwenye miamba, likafika ufukweni likiwa povu tu. Jioni miamba hiyo imefunikwa, wimbi linapita juu yake bila kupoteza nguvu, na linavunjika pale watu walipo. Wimbi huanza kuvunjika linapofika kwenye maji ambayo kina chake kinazidi kidogo tu kimo cha wimbi lenyewe. Kwa hiyo kina kinapoongezeka juu ya mwamba, mahali pa kuvunjikia panasogea kuelekea mchangani. Aliyeoga vizuri mahali fulani saa nne asubuhi asidhani amepajua mahali hapo.

Juu ya upepo huu wa kila siku kuna upepo wa msimu. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na bahari yake ni ya joto, karibu nyuzi 29, maji yakiwa maangavu zaidi. Kusi huanza Aprili au Mei na kuendelea hadi Septemba au Oktoba. Kati ya misimu hiyo miwili kuna maleleji, ambapo upepo hauna msimamo. Kusi ndio wenye nguvu zaidi, hasa Juni hadi Agosti, na unapoungana na upepo wa bahari wa mchana, Coco inachafuka hata kama hakuna tone la mvua.

Mawimbi yaliyotoka mbali

Watu hushangaa kuona mawimbi makubwa siku ambayo hata majani ya mnazi hayatikisiki. Sababu ni kwamba wimbi linaweza kuzaliwa mahali pengine kabisa. Katika msimu wa kusi, upepo wa kusini mashariki hukaza sana karibu na ncha ya kaskazini ya Madagaska, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwetu. Mawimbi yanayopishana kwa sekunde 9 husafirisha nguvu yake kwa mwendo wa kilomita 25 hivi kwa saa, kwa hiyo huchukua kama siku mbili kufika. Wimbi unaloliona leo mchana linaweza kuwa la upepo wa juzi.

Unaweza kulitambua kwa kuhesabu. Simama ufukweni, chagua jiwe, na uhesabu sekunde kati ya wimbi moja na linalofuata. Zikiwa sekunde 4 au 5, hilo ni wimbi la upepo wa hapohapo: fupi na lenye fujo, lakini nguvu yake si kubwa sana. Zikifika 9, 10 au zaidi, wimbi limetoka mbali. Huja kwa makundi, machache makubwa yakifuatiwa na utulivu wa dakika kadhaa, na utulivu huo ndio unaomdanganya mtu aingie majini. Kabla ya kuingia, tazama bahari kwa dakika 10 nzima.

Tena, nguvu ya wimbi hukua kwa mraba wa kimo chake. Wimbi la mita 2 halina nguvu mara mbili ya wimbi la mita 1. Lina nguvu mara nne.

Mlango katika mwamba

Maji yanayoletwa na mawimbi lazima yarudi baharini. Hayarudi kila mahali sawasawa. Hutafuta mahali penye kina, kwenye mlango kati ya miamba au bonde kati ya mafungu ya mchanga, na hapo hutoka kwa mkondo mwembamba wenye kasi ambayo hata mwogeleaji hodari hawezi kuishinda. Mahali hapo ndipo panapoonekana pazuri kuliko kote. Kushoto na kulia mawimbi yanavunjika meupe, katikati maji ni meusi kidogo, yametulia, labda yana michirizi ya povu na mchanga inayoelekea nje. Mzazi anayetafuta mahali patulivu pa kuogea mtoto atapachagua hapohapo.

Mkondo huo haumzamishi mtu. Unamtoa mbali na ufukwe, na hofu pamoja na uchovu ndivyo vinavyomzamisha. Ukishikwa, usishindane nao kwa kuogelea moja kwa moja kurudi. Elea, vuta pumzi, inua mkono uombe msaada, kisha ogelea pembeni, sambamba na ufukwe, mpaka utoke kwenye mkondo. Kisha rudi pale mawimbi yanapovunjika, kwa sababu hayo yanasukuma kuelekea nchi kavu. Ukimwona mwingine ameshikwa, usijitose mikono mitupu. Mrushie kitu kinachoelea: dumu tupu lililofungwa vizuri, boya au mpira. Wengi hufa wakijaribu kumwokoa mwenzao.

Mvua na taarifa za hali ya hewa

Anga nalo lina sehemu yake. Mvua kubwa ya masika husomba uchafu wa mji kupitia mifereji na Mto Msimbazi, unaomwaga maji yake kusini mwa Coco, karibu na Daraja la Salender. Kusi unapovuma, maji hayo ya tope mara nyingi husukumwa kuelekea kaskazini. Baada ya mvua kubwa, subiri siku mbili au zaidi, mpaka maji yawe safi tena. Radi ikisikika, toka majini mara moja.

Vimbunga ni vichache kwetu, lakini vipo. Aprili 1872 kimoja kiliipiga Unguja na kuangusha mikarafuu mingi sana. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa angalizo kwa wakati unaotosha kujipanga. Mara nyingi utasikia upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Isome taarifa hiyo ukikumbuka jambo moja: wataalamu wa bahari wakitaja kimo cha mawimbi, kwa kawaida wanamaanisha wastani wa ile theluthi ya mawimbi makubwa. Wimbi mojamoja linaweza kukaribia mara mbili ya kimo hicho.

Kwa hiyo, kabla ya kutoka nyumbani, jua maji yanajaa na kupwa saa ngapi, na kama ni bamvua au maji mafu. Soma taarifa ya TMA ya siku hiyo. Ukifika, tazama bahari kwa dakika 10, hesabu sekunde za mawimbi, na utafute mlango ulipo ili uuepuke. Kama ni bamvua na una watoto, wape nafasi yao mapema, katika saa ya kwanza baada ya maji kupwa, kisha uwatoe kabla maji hayajaanza kukimbia. Mtoto asiyejua kuogelea awe karibu kiasi cha kumshika kwa mkono mmoja.

Nina ombi pia kwa viongozi wa manispaa na wote wanaosimamia fukwe. Wekeni ubao kwenye kila lango la ufukwe wa umma, kuanzia Coco, na kila asubuhi mwandike mambo manne: maji yanajaa saa ngapi, yanakupwa saa ngapi, upepo wa leo, na kama kuna angalizo la TMA. Gharama yake ni chaki na mtu mmoja wa kuandika. Saa za maji zinajulikana mwaka mzima kabla. Mtoto asife kwa kukosa habari ambayo tayari tunayo.