Familia Ikija Kulala Shambani Wikendi: Anza na Mtoto wa Miaka Mitatu



Likizo ya Desemba ikikaribia, simu ninazopigiwa huku Lushoto hubadilika. Badala ya kuulizwa dawa ya kantangaze, naulizwa: "Bwana shamba, kuna watu wa Dar wanataka kuja kulala kwangu wikendi, na watoto wao. Niwachaji shilingi ngapi?"

Mimi huwa nauliza kwanza: mara ya mwisho umepiga dawa lini?

Nina sababu. Msimu mmoja nilipita kwa kijana mmoja mchapakazi kweli, mwenye nyanya nzuri za kusimikwa kwenye miti. Nikakuta amepokea familia. Wazazi wako kwenye tuta wanapiga picha za milima. Mtoto wao mdogo amejikalia katikati ya mistari, nyanya moja mdomoni, nyingine mkononi, na majani yote yana vumbi la dawa ya ukungu. Dawa ilipigwa jana yake asubuhi. Mama wa mtoto ananiuliza kwa furaha kabisa, "Hizi ni za asili, eti?"

Tulimnawisha, tukampeleka kituo cha afya pamoja na lebo ya ile dawa ili mganga ajue anashughulika na nini, wakamwangalia, jioni alikuwa anakimbiza kuku. Kijana wangu ndiye hakulala. Hakuwa mzembe, isipokuwa ratiba yake ilipangwa kwa ajili ya zao tu, na wikendi ile shambani kulikuwa na mtu wa miaka mitatu.

Ratiba ya dawa hupangwa kurudi nyuma

Mgeni akisema anakuja Jumamosi, chukua kalenda uhesabu kuelekea nyuma. Kila lebo ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kama ni siku 7, dawa ya mwisho iwe imepigwa Ijumaa ya wiki iliyotangulia, si "juzijuzi". Lebo nyingi pia zinaeleza muda wa kusubiri kabla mtu hajaingia shambani bila vazi la kinga. Mtoto mheshimie zaidi ya hapo, maana ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, anakaa chini, na kila anachoshika kinaishia mdomoni. Angalia na mstari wa rangi kwenye lebo. Dawa yenye mstari mwekundu au wa njano isiwe na nafasi kabisa kwenye shamba linalopokea watoto.

Sasa wadudu wakivamia Jumatano, utafanyaje? Piga, lakini eneo lile lifunge. Weka kamba na umwambie mzazi waziwazi. Ndiyo maana nawashauri mtenge kitalu cha watoto, hata robo ya robo eka, ambacho bomba la dawa halifiki. Panda karoti. Mtoto wa mjini akivuta karoti ardhini akaiona inatoka na udongo wake, anacheka mpaka wazazi wanasahau simu. Karoti huchukua kama miezi mitatu, kwa hiyo anayetegemea wageni wa Desemba awe amesia Septemba, na aongeze mistari michache kila baada ya wiki mbili ili kitalu kisiishe kwa familia ya kwanza.

Stoo ya dawa iwe na kufuli, ufunguo ukae na wewe. Na hili nalisema kila mkutano: usimimine dawa kwenye chupa ya soda au ya maji. Hata kidogo, hata kwa siku moja. Mtoto hasomi lebo, anaona soda.

Bwawa la umwagiliaji

Hapa ndipo ninapoogopa kuliko kwenye dawa. Mabwawa yetu ya kutandika nailoni yanapendeza machoni, maji yametulia, vyura wanaimba. Lakini kingo zake ni mteremko wa plastiki yenye utelezi. Mtu mzima akitumbukia anatapatapa kutoka. Mtoto hatoki, na mara nyingi hazami kwa kelele. Wala haihitaji kina. Ndoo yenye maji inatosha kwa anayejifunza kutembea.

Zungushia uzio wa wavu ambao mtoto hawezi kupita chini yake wala kuupanda, na geti linalofungwa. Ndani funga kamba nene yenye mafundo, iliyokazwa kwenye nguzo, ili anayetumbukia apate pa kushika. Matangi na visima viwe na mifuniko mizito. Kama huna hela ya uzio msimu huu, pokea wageni wa kushinda wasio na watoto wadogo, wengine wasubiri. Najua inauma kukataa hela.

Ng'ombe, maziwa na viatu

Kukamua kunafanyika asubuhi na mapema, na watoto huamka mapema, kwa hiyo hapo huhitaji ubunifu. Waweke upande wa mkamuaji na nje ya uzio, mmoja mmoja. Maziwa yachemshwe, hata kama baba anasema kwao kijijini walikunywa mabichi. Ugonjwa wa brusela unapita humo humo.

Ndama na mbuzi wanaweza kubeba vimelea vya kuharisha vibaya bila wao wenyewe kuonekana wagonjwa, na walio chini ya miaka mitano ndio huumia zaidi. Dawa yake ni maji yanayotiririka na sabuni, karibu na banda, bomba likiwa kimo cha mtoto. Jeli ya mikono haifanyi kazi vizuri kwenye mkono wenye samadi.

Wageni nao wanaweza kukuletea hasara. Viatu vilivyotoka kwenye banda lingine vinaleta kideri kwa kuku au homa ya nguruwe. Weka beseni la dawa ya kukanyagia mlangoni, au nunua gambuti chache za watoto zisizotoka shambani. Kwenye banda la nguruwe, mimi nasema wageni wasiingie kabisa. Mizinga ya nyuki waione kwa mbali sana.

Safari ni ndefu, waambie ukweli

Kutoka Dar hadi Mombo ni Chalinze, Segera, Korogwe, halafu unaanza kupanda kama kilomita 33 za kona hadi Lushoto. Watoto hutapika kwenye zile kona. Washauri wasile mlo mzito Mombo, wasimame Soni waone maporomoko, wapumue. Kwa familia yenye mtoto wa chini ya miaka mitatu, kutoka Dar Jumamosi na kurudi Jumapili ni mateso; wapangie siku tatu, sikukuu ikiangukia Ijumaa au Jumatatu. Wa Tanga na Moshi wana nafuu.

Waambie waje na masweta. Tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti usiku si mchezo. Machi hadi Mei mvua ni nyingi na njia za mashambani zinateleza, mimi singeita mtu. Desemba hadi Februari ndipo plamu, pichi na peasi zinapopatikana, na kuna kazi ya kumpa mtoto.

Usijaze ratiba. Asubuhi jambo moja, jioni jingine, katikati walale. Wakitaka kutoka, Irente ipo karibu na mji, kuna eneo la kutazama bonde lote la chini (mkono wa mtoto ushikwe, ni jabali), na shamba la pale limejulikana kwa jibini, mkate na jamu za kutengeneza wenyewe. Nenda wewe kwanza ukajifunze wanavyouza.

Turudi kwenye ile bei

Usianze kwa kujenga vyumba. Anza na wageni wa kushinda, walale kwenye nyumba za wageni mjini. Ukitaka kulaza watu, pita kwa afisa biashara wa halmashauri kabla ya kununua godoro.

Faida yenyewe ipo kwenye kapu. Tuseme familia inalipa 40,000 kwa kushinda na kula, ukiondoa chakula na kibarua unabaki na 15,000. Si kitu. Lakini ikiondoka na kapu la kabichi, karoti, hoho na plamu kwa bei ya rejareja, bila dalali, bila lumbesa, na ikakupigia mwezi unaofuata uwatumie jingine kwa basi, hapo umepata mteja.

Kapu lenyewe lifungwe Jumapili kabla ya saa nne, waondoke mapema, kona za kushuka wazimalize mchana. Kabichi chini, karoti katikati, plamu juu kwenye majani makavu. Ile karoti aliyoivuta mtoto mwenyewe usiifunge humo, mwachie aishike mkononi.